Billy Bitzer na kamera ya kuzungushwa kwa mkono: dhana potofu na ukweli

G. W. Bitzer, ambaye wenzake walimwita Billy, alizaliwa Roxbury, Boston, tarehe 21 Aprili 1872 na kufariki California tarehe 29 Aprili 1944. Alipiga picha za mamia ya filamu, nyingi zikiwa za mwongozaji D. W. Griffith. Sifa anazomiminiwa mara nyingi ni za watu wengine, na ufundi aliokuwa nao kweli hautajwi. Kwetu sisi tunaoipenda kazi ya kamera, hiyo ni dhuluma.

Dhana: Bitzer na Griffith ndio waliobuni picha ya karibu na kufifisha picha

Dhana hii ina chanzo kinachojulikana. Tarehe 3 Desemba 1913, Griffith akiwa ameshaiacha kampuni ya filamu ya Biograph, alikofanya kazi na Bitzer, lilitoka tangazo katika gazeti la New York Dramatic Mirror likimtaja kuwa mwanzilishi wa picha za karibu, kufifisha picha na mbinu nyingine kadhaa. Lilikuwa tangazo la kibiashara la mtu aliyekuwa anajinadi baada ya kuacha kazi. Waliokuja baadaye wakalinakili kama historia, na jina la Bitzer likaburutwa humo humo.

Tarehe zinakataa. George Albert Smith wa Hove, Uingereza, alikwisha onyesha jicho la mtu likijaza fremu mwaka 1900. Mfaransa Georges Méliès alikuwa akiyeyusha mandhari moja ndani ya nyingine mwaka 1899. Tena, Griffith alipoongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1908, kamera ilishikwa na Arthur Marvin.

Walichokifanya wawili hawa ni kuzitumia mbinu hizo wiki baada ya wiki, katika filamu fupi zaidi ya 400 kati ya 1908 na 1913, mpaka zikazoeleka kwa watazamaji na waigizaji. Kazi hiyo inatosha kumpa mtu heshima bila kumvisha taji la mwenzake.

Dhana: mpiga picha wa enzi hizo alikuwa mzungusha mpini tu

Hii ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu ukweli wake uko wazi kwa yeyote aliyewahi kushika kamera ya aina hiyo.

Kamera za milimita 35 kama Pathé, aliyoitumia Bitzer baada ya Biograph, husogeza fremu 8, yaani picha moja moja za filamu, kwa kila mzunguko mmoja wa mpini. Mizunguko miwili kwa sekunde inatoa fremu 16. Ikiwa shata, yaani kizibo kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, iko wazi nusu ya kila mzunguko wake, kila fremu inapata mwanga kwa sehemu 1 ya 32 ya sekunde. Mkono ukichoka na kasi ikashuka hadi fremu 12, kila fremu inapata mwanga wa theluthi moja zaidi, picha inakuwa nyeupe mno, na ikionyeshwa kwa kasi ya 16 mwigizaji anaonekana anakimbia. Kosa moja la mkono linaharibu mambo mawili kwa pamoja.

Wakati huo huo hakukuwa na kipima mwanga. Bitzer alikadiria kwa jicho: saa, msimu, mawingu, rangi ya nguo. Wala hakuona kwa lenzi wakati wa kupiga. Fokasi ilipangwa kabla, kisha alitegemea kioo cha kutazamia kilichokuwa ubavuni mwa kamera. Kwa kuwa kioo hicho kilikuwa pembeni, mwigizaji akisogea karibu kile ambacho jicho liliona na kile ambacho lenzi ilikamata vilitofautiana, na hapo ndipo vichwa vilipokatwa.

Kufifisha picha kulifanyika ndani ya kamera, na hatua zake ni hizi. Unahesabu mizunguko, tuseme 8, yaani sekunde 4 na fremu 64. Mkono wa kulia unaendelea kwa kasi ile ile, wa kushoto unafunga tundu la lenzi polepole. Ukitaka picha iyeyukie katika nyingine, unaziba lenzi kabisa, unarudisha filamu mizunguko 8 ile ile, kisha unapiga mandhari ya pili huku ukifungua tundu kwa mwendo ule ule. Ukikosea mzunguko mmoja, mandhari mbili zinapishana kwa fremu 8. Na ukizubaa ukapunguza kasi wakati unafunga tundu, mwanga unaongezeka upande mmoja unapopungua upande mwingine, picha inakataa kufifia.

Kwenye lenzi nyingi tundu halizibi kabisa, hivyo wapiga picha waliweka mbele ya lenzi kizibo cha vibati vinavyojifunga kwa duara. Duara lile jeusi linalojikunja na kumzunguka mwigizaji, ambalo watu wengi wanalihusisha na Bitzer, linatokana na kifaa hicho. Umbali wake kutoka kwenye lenzi ndio siri: kikiwa mbali kidogo ukingo wa duara unakuwa mkali, kikisogezwa karibu unakuwa laini, na kikigusana na lenzi hakuna duara tena, fremu nzima inafifia tu.

Dhana: kamera za kwanza zote zilikuwa visanduku vyepesi vya mbao

Kamera ambayo Bitzer alianzia kazi ilikuwa kinyume kabisa. Kampuni iliyokuja kuitwa American Mutoscope and Biograph ilitaka kukwepa hataza za mvumbuzi Thomas Edison, hivyo ikatumia filamu pana ya milimita 68 isiyo na matundu ya pembeni. Filamu ilivutwa kwa msuguano wa roli, na kamera yenyewe ilitoboa matundu wakati wa kupiga picha ili yatumike baadaye kupanga fremu wakati wa kuchapa. Iliendeshwa kwa mota ya umeme, kwa fremu 30 hadi 40 kwa sekunde, na kuibeba pamoja na betri zake kulihitaji watu kadhaa na gari.

Msuguano una tabia ya kuteleza. Nafasi kati ya fremu hazikulingana, na projekta nayo ilikuwa na ugonjwa huo huo, kwa hiyo mwendeshaji alikaa muda wote akirekebisha ili picha isipande wala kushuka. Onyesho la Hammerstein's Olympia, New York, Oktoba 1896, liliendeshwa na Bitzer mwenyewe. Malipo ya usumbufu wote huo yalikuwa fremu kubwa mara kadhaa kuliko ya Edison, na picha yenye undani ambao hata leo unashangaza.

Dhana: bila jua hawakuweza kupiga picha

Tarehe 3 Novemba 1899, huko Coney Island, Bitzer na wenzake walipiga picha pambano la ngumi kati ya Jim Jeffries na Tom Sharkey usiku, chini ya taa za arki (taa za umeme zenye mwanga mkali) zipatazo 400 zilizoning'inizwa juu ya ulingo. Raundi 25 za dakika 3 na mapumziko 24 ya dakika 1 ni dakika 99 za taa hizo kuunguza vichwa vya mabondia.

Mwaka 1905 alishuka kwenye reli ya chini ya ardhi ya New York, iliyokuwa haijatimiza mwaka. Kamera ilifungwa mbele ya treni iliyofuata treni nyingine, na kwenye reli ya pembeni ikaenda behewa lililobeba taa. Treni tatu zilipaswa kwenda mwendo mmoja kutoka mtaa wa 14 hadi wa 42. Lile behewa likitangulia au likibaki nyuma kidogo, mwanga unahama kwenye fremu.

Katika studio ya Biograph iliyokuwa namba 11 East 14th Street walitumia mirija ya mvuke wa zebaki. Mwanga wake ni wa kibuluu na kijani, hauna wekundu, na ngozi za watu zilionekana kama za wagonjwa. Kwa filamu haikuwa shida, maana filamu ya wakati huo haikuiona rangi nyekundu hata kidogo. Hapa kuna jambo la kukumbuka unapotazama kazi hizi: midomo myeusi, macho ya buluu yaliyopauka kama kioo, na anga jeupe lisilo na wingu hata moja ni tabia ya filamu yenyewe. Faida yake ilikuwa chumba cha giza. Filamu ilisafishwa chini ya taa nyekundu huku fundi akiiona picha ikijitokeza, na kama ilizidi mwanga aliitoa mapema kwenye dawa. Iliyopungukiwa mwanga haikuwa na mwokozi.

Kuhusu jua, kanuni ya wengi ilikuwa likae nyuma ya kamera. Bitzer ni miongoni mwa walioigeuza: jua nyuma ya mwigizaji, likimzunguka nywele, na ubao mweupe chini ya kamera ukirudisha mwanga usoni. Ukikadiria kwa mandhari, uso unakuwa mweusi. Unakadiria kwa uso. Na lenzi lazima iwekewe kivuli, kwani mwale mmoja ukiingia moja kwa moja unatandaza ukungu kwenye fremu nzima.

Dhana: jumba la Babeli katika filamu ya Griffith ya mwaka 1916, Intolerance, lilipigwa picha kutoka kwenye puto

Hapana. Kilijengwa kijimnara chenye lifti, kikawekwa juu ya magurudumu ya reli. Watu walikisukuma mbele huku lifti ikishuka, na kamera ikashuka na kusogea kwa wakati mmoja. Puto linayumba, na mkono unaozungusha mpini nao unatikisa, picha isingetulia.

Filamu ya Griffith ya mwaka 1915, The Birth of a Nation, iliyowasifu Ku Klux Klan (kundi la wabaguzi wa rangi) na kuwadhalilisha Wamarekani weusi, nayo ni kazi ya kamera ya Bitzer. Ufundi wake ni wa juu na ujumbe wake ni uovu. Anayefundisha sinema hana budi kusema yote mawili.

Dhana: sura laini za mwigizaji Lillian Gish katika filamu za Griffith zote ni kazi ya Bitzer

Kuanzia 1919 nyingi ya picha hizo za ukungu mwembamba zilipigwa na Hendrik Sartov, aliyetokea kwenye upigaji picha za sura. Bitzer aliendelea na mandhari nyingine za filamu hizo hizo.

Dhana: ujio wa filamu za sauti ndio uliommaliza Bitzer

Kazi zilianza kupungua kabla ya hapo. Katika filamu za Griffith za mwishoni mwa miaka ya 1920 alishika kamera pamoja na Karl Struss, na alikuwa ameshiriki kuunda chama cha wapiga picha New York. Miaka ya mwisho alifanya kazi katika idara ya filamu ya Museum of Modern Art, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, akisaidia kutunza zana na filamu za zama zake. Kumbukumbu alizoandika zilichapishwa mwaka 1973.

Dhana: filamu zake zilikuwa na picha mbovu na za kukimbiakimbia

Kukimbiakimbia kunatokana na kuonyesha fremu 16 kwa kasi ya 24. Futi 1,000 za filamu zina fremu 16,000: kwa kasi ya 16 ni dakika 16 na sekunde 40, kwa kasi ya 24 ni dakika 11 tu. Ukikuta filamu hizo YouTube, punguza kasi hadi 0.75 uone watu wakianza kutembea kama watu. Usidhani pia kwamba 16 ilikuwa sheria. Kasi ilibadilika kwa kampuni, kwa mwaka, na hata kwa mandhari.

Ukungu na mikwaruzo vina sababu nyingine. Kabla ya 1912 sheria ya Marekani ya hakimiliki haikuitambua sinema, hivyo kampuni zilichapa filamu nzima kwenye mikunjo ya karatasi ya picha na kuziwasilisha Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, kama picha za kawaida. Miaka ya 1950 karatasi hizo zilipigwa picha upya, fremu kwa fremu, kwenye filamu ya milimita 16, kazi iliyoongozwa na Kemp Niver. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni zimepitia njia hiyo, na nyuzi za karatasi zinaonekana humo. Negativi za Biograph (filamu asili zilizopigwa kamerani) zilizonusurika zilipelekwa Museum of Modern Art mwaka 1939. Ukitaka kupima jicho la Bitzer, tafuta nakala zilizotoka kwenye negativi hizo, au zile za milimita 68 zilizochapwa upya.