Nimechelewa, nimekawia au nimecheleweshwa?

Kazi yangu hapa Kampala ni kutafsiri na kuhariri Kiswahili, na kuna neno moja ambalo kila barua ninayoletewa inalitwika mizigo isiyo yake. Mkutano umechelewa. Mshahara umechelewa. Kesi imechelewa. Kontena limechelewa. Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, matangazo ya Kiswahili yamezidi kunijia, na kuchelewa kumezidi nayo. Sarufi haina tatizo. Tatizo ni kwamba msomaji wa tangazo la namna hii ana swali moja moyoni, nani kasababisha, na Kiswahili kina maneno ya kumjibu. Sisi tunamwachia moja tu, tena lile lisilomtaja mtu.

Tuanze na hilo hilo. Kuchelewa kumetokana na kucha, yaani kupambazuka. Aliyechelewa, kwa maana ya awali, ni yule aliyekuchiwa: wenzake wameshashika njia ya shamba, yeye jua limemkuta kitandani. Mwanafunzi wangu Mganda hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa lugha ya nyumbani kwao imefanya kitu kile kile. Okukya ni kucha, okukeera ni kudamka, okukeerewa ni kuchelewa. Ky ya Kiganda mara nyingi hukutana na ch ya Kiswahili (tazama ekyuma na chuma), na ukishaizoea sauti hiyo utayaona maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Saa zetu pia zinahesabiwa kutoka alfajiri, kwa Kiswahili na kwa Kiganda: saa moja, ssaawa emu. Hapa karibu na ikweta jua halitupigi chenga, linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo kucha ilikuwa saa ya kuaminika kuliko nyingi za ukutani.

Kwa sababu hiyo kuchelewa kunadai wakati uliowekwa. Lazima pawepo saa, siku au msimu ambao umeupita. Mwalimu anachelewa kipindi, basi linachelewa kuondoka, mvua za Machi zinachelewa kwa kuwa wakulima walizitarajia Machi. Pasipo na miadi, neno sahihi kwa kawaida ni lingine.

Neno hilo ni kukawia, nami nasikitika kulisikia kwa nadra Kampala. Kukawia ni kuchukua muda mrefu, basi. Mama wa pwani akimtuma mtoto dukani anamwambia, "Nenda, usikawie." Hajampa saa ya kurudi, anamkataza kuzubaa njiani. Mtoto yule yule asubuhi akienda shule ataambiwa, "Usichelewe," maana kengele ina saa yake. Uganda tunasema usichelewe kwa yote mawili na tunaelewana, sikatai. Lakini methali hazijakubali kuchanganywa. "Kawia ufike" inamtuliza msafiri: chukua muda wako, mradi ufike salama. Jaribu kusema "chelewa ufike" uone inavyochekesha, kwa sababu aliyechelewa keshakosa alichokifuata. Na "chelewa chelewa utakuta mwana si wako" haina huruma hata chembe, kwani hapo wakati wenyewe umeshapita na mwana keshapata wa kumlea. Kamusi zitakupa pia kulimatia, lenye maana hiyo hiyo ya kukawia. Miaka yote niliyofanya kazi hapa sijalisikia mdomoni mwa mtu.

Kuna methali nyingine ambayo wanafunzi huiingiza humu kwa nguvu: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Wanaisoma kama onyo kwa mzazi anayechelewa. Sivyo. Mchelea huyu anatokana na kucha nyingine, ya kuogopa, ile ya mcha Mungu. Anaogopa mtoto asilie, anamwachia kila kitu, mwisho analia mwenyewe. Maneno mawili yanayofanana sura, koo tofauti.

Sasa tuje kwenye pesa, kwani hapa ndipo neno linapogharimu. Uganda haina bandari ya bahari. Shehena zetu nyingi hupanda kutoka Mombasa kupitia mipaka ya Malaba na Busia, nyingine kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Mutukula. Kontena lisiporudishwa kabla ya siku za bure kwisha, kampuni ya meli inaanza kutoza kwa kila siku. Katikati ya safari hiyo wapo dereva, wakala wa forodha na mwenye mzigo, na mara nyingi lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Ujumbe ambao nimewahi kuombwa kuufafanua ulikuwa na maneno machache tu: "Bosi, mzigo umechelewa Malaba." Mwenye mzigo aliusoma kama ungamo la dereva. Dereva alikuwa na maana nyingine kabisa: gari lilikuwa tayari, karatasi zilikuwa tayari, ila sistimu ilikuwa imegoma na hakuna aliyepitishwa. Alichotaka kusema ni "umecheleweshwa", au kwa lugha ya barabarani, "tumekwama", "tumelala Malaba".

Tazama silabi moja inavyobadilisha kesi. Kuchelewa kunakuachia lawama wewe uliyetajwa. Kuchelewesha kunaleta mtu wa pili: mvua imetuchelewesha, ukaguzi umetuchelewesha. Na kucheleweshwa kunamficha huyo wa pili nyuma ya pazia, lakini kunatangaza kwamba yupo, na msomaji makini atauliza mara moja, "Na nani?" Kwa hiyo katika barua ya madai naandika jibu papo hapo: mzigo umecheleweshwa na ukaguzi, tangu tarehe fulani hadi fulani. Ukiacha hiyo "na" wazi, upande wa pili utaijaza kwa jina lako. Wanaodai haki mahakamani wanalijua hili vizuri, ndiyo maana husema haki iliyocheleweshwa na si haki iliyochelewa. Haki haikulala ikapitiwa na usingizi, yuko aliyeikalia.

Kwa mchezo wa ofisini wa njoo kesho, Kiswahili sanifu hakijaweza kuwafikia madereva. Wa Tanzania wanasema wamepigwa danadana, au wamepigwa kalenda, yaani wanapewa tarehe juu ya tarehe. Wengine husema tu, "Wananizungusha." Haya siyaweki kwenye barua rasmi, ila nikikalimani kwa mdomo nayaacha yalivyo, kwa kuwa yanasema nia: huyu mtu hakuchelewa, anakusudia nichoke.

Kusubiri nako kuna shimo lake, na ni Waganda wanaotumbukia. Kwa Kiganda kusubiri ni okulinda. Kwa Kiswahili kulinda ni kazi ya askari. Mzizi ni mmoja, maana anayekesha akiangalia kitu huwa anangoja pia, lakini leo njia zimeachana. Wakala wa Kampala anampigia dereva wa Dar: "Ssebo (yaani bwana), nilinde hapo steji, nakuja." Dereva anacheka, anamwuliza kama kuna majambazi. Ningoje au nisubiri ndiyo maneno yake. Na hiyo "nakuja", jamani, ichukueni kwa tahadhari. Hapa mtu husema nakuja huku anakupa mgongo anaondoka, akimaanisha atarudi. Jirani yake ni "niko njiani", inayoweza kusemwa na mtu ambaye maji ya kuoga hayajachemka.

Limebaki la kuahirisha, ambalo kwa matangazo ndilo muhimu kuliko yote. Kuahirisha ni uamuzi: wenye kikao wamekaa, wamekubaliana, wametaja siku nyingine. Kesi iliyopewa tarehe mpya na hakimu imeahirishwa, haijachelewa. Mkutano ulioanza saa nne badala ya saa tatu umechelewa, haujaahirishwa. (Neno limetoka Kiarabu, mzizi ule ule uliotupa akhera, na kuna wadaiwa wangu wanaonekana kuifuata asili hiyo kwa uaminifu.) Kuandika "mshahara umechelewa" wakati uongozi umeamua kulipa mwezi ujao ni kuuvika uamuzi nguo ya bahati mbaya. Nikiletewa sentensi hiyo namwuliza mwenye barua: mlipanga au mlishindwa? Kimya chake huwa kinanijibu.

Wasiopenda neno la Kiarabu hukimbilia "kusogeza mbele", na hapo ndipo nimeona watu wakipishana mlangoni. Kwa Kiswahili siku za mbele ni siku zijazo, kwa hiyo kikao kilichosogezwa mbele kimepelekwa mbali zaidi. Ila msomi wetu wa Uganda amesoma kwa Kiingereza tangu utotoni, na katika Kiingereza kuleta kikao mbele ni kukiwahisha. Andika "kikao cha Jumatano kimesogezwa mbele siku mbili": aliyekulia Tanga atakuja Ijumaa, aliyesomea Kampala anaweza kufika Jumatatu na kukuta mlango umefungwa. Kwa hiyo natangaza hivi, hata mwenye tangazo akinung'unika kwamba ni refu: kikao cha Jumatano kimeahirishwa hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi, na tarehe yake pembeni.