Kutu ya hewani ni nini, mbona grili inaliwa na mvua haijaigusa?

Wengi tunaamini kutu inaletwa na mvua, ndo maana mtu akiona grili ya dirisha imeliwa na iko chini ya kibaraza hainyeshewi, anamlaumu fundi kwamba kaweka chuma feki. Mara nyingi ni hewa tu, na hiyo ndo kutu ya hewani.

Chuma kinaota kutu kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na hayo maji sio lazima uyaone, yaani unyevu wa hewani ukishafika kama asilimia 60 hivi kwenda juu, chuma kinajivika utando mwembamba wa maji ambao jicho halioni na unatosha kabisa kuanza kazi. Sasa ongeza chumvi. Upepo wa bahari unakuja na chembe za chumvi zinatua kwenye chuma, na chumvi inavuta unyevu, angalia ya jikoni masika inavyolowana kwenye kopo, kwa hiyo chuma kinabaki kibichi muda mrefu, alafu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri na kutu yenyewe ni umeme mdogomdogo unaotembea ndani ya huo utando. Ndo maana bati lile lile linadumu Dodoma, likipelekwa Tanga au Unguja ufukweni halichukui muda.

Moshi nao haupo nyuma. Mafuta yenye salfa yakiungua yanatoa gesi ambayo ikikutana na unyevu inageuka asidi, na hiyo inakula ile zinki inayolinda bati, zinki ikiisha ndo unaanza kuona wekundu.

Mvua saa ingine inasaidia kabisa, kwa sababu inaosha chumvi. Pitisha kidole chini ya bati kwenye upenu, pale pasipopata mvua, utakuta vumbi linanata, na hapo ndo panatoboka mapema. Grili yetu ilivimba rangi kama malengelenge, ukibandua kwa kucha unakuta unga mwekundu kama tofali, kwa sababu kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, na nondo inapasua zege kwa mtindo huo huo.

Kwa hiyo ukitaka kupaka upya usianze na rangi, piga msasa kutu yote itoke, osha kwa maji yasiyo na chumvi, sio ya kisima chenye chumvi, kausha vizuri, alafu pitisha rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo jua likiwepo, maana ukilaza chuma kitupu usiku mmoja tu pwani, asubuhi unakuta kimeshaanza kupiga wekundu.