Umekatwa hela ya chama na hujajaza fomu? Maneno ya kwenye kifodi kuhusu mkataba wa hali bora

Juzi natoka Usa River kurudi Arusha mjini, kwenye kifodi (daladala zetu) nyuma yangu wamekaa wadada watatu wametoka shifti shamba la maua, mmoja ana slipu ya mshahara mkononi analalamika kakatwa tena hela ya chama cha wafanyakazi na yeye hajawahi kujaza fomu yoyote, mwenzie anamwambia achana nao hao wezi tu, wa tatu anasema tulieni Mei Mosi si hii hapa, Mama Samia ataongeza. Nilivumilia mpaka Tengeru nikashindwa, nikageuka. Mi nilikaa kwenye kamati ya tawi la chama miaka minne, pakihausi moja huko huko (pale maua yanapopangwa na kufungwa), kwahiyo haya maneno nimeyasikia yote na mengine nilikuwa nayaamini mwenyewe kabisa.

Hilo la Mei Mosi ndo linaniumaga zaidi maana watu wanasubiri redio iwaongezee mshahara. Mwaka 2024 sherehe za kitaifa zilikuwa hapa hapa Arusha, Sheikh Amri Abeid, watu wa mashamba na viwandani tulijaa uwanjani na tisheti mpya tukiamini kuna kitu tutaondoka nacho. Mwaka 2025 Singida ikatangazwa kima cha chini kitoke 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1, na huku kwetu kuna watu walishaanza kukopa dukani kwa kutegemea hiyo hela. Ile ni ya watumishi wa umma. Walimu, manesi, watu wa halmashauri. Sekta binafsi ina njia yake, kuna bodi za mishahara za kila sekta alafu waziri anatoa amri ya kima cha chini. Ile iliyoanza Januari 2023 kilimo kiliwekwa 140,000 kwa mwezi, na Januari 2026 ikaanza nyingine. Sasa hiyo nayo ni sakafu tu, bosi haruhusiwi kushuka chini yake. Kama wewe tayari upo juu yake, sakafu ikipanda na bado haijakufikia hakuna anayelazimishwa kukuongeza hata shilingi. Kinachokuongeza wewe uliye juu ya sakafu ni majadiliano ya hapo hapo kazini kati ya chama na mwajiri, yanayoishia kwenye maandishi yanayoitwa mkataba wa hali bora.

Na hapo ndo linakuja la yule dada wa slipu. Ukweli ni kwamba kuna makato ya aina mbili na watu wanayachanganya. La kwanza ni ada ya uanachama, hiyo huwezi kukatwa bila kujaza fomu na kusaini, inaitwa TUF 6, na ukitaka kutoka unaandika barua ya kujitoa, notisi ya mwezi mmoja, basi. La pili ni ada ya uwakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema chama kikishakuwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi mnaojadiliwa pamoja, kinatambuliwa kuwa ndo msemaji wenu, na kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba hata wasio wanachama wakatwe kitu kidogo kwasababu nao wanakula matunda ya majadiliano. Hii haihitaji fomu yako. Lakini ina masharti, hulazimishwi kuwa mwanachama, hiyo ada haiwezi kuzidi anayolipa mwanachama, inawekwa akaunti yake peke yake na inatumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo hapo kazini kwenu tu, haiendi kununua tairi la gari la mtu mkoani. Kwahiyo swali la kuuliza HR ni moja, haya makato ni ya nini? Akisema uanachama, nioneshe fomu yenye sahihi yangu. Akisema uwakala, nioneshe makubaliano. Akikosa vyote viwili basi ana kazi ya kujieleza.

Upande wa pili kuna wale wajanja wanaosema mi sijajiunga kwahiyo huo mkataba haunihusu. Nilikuwa na mshkaji stoo alikuwa anajisifia hivyo kila siku, siku nyongeza imeingia kwenye akaunti yake hakurudisha, haha. Kama chama kinatambulika hapo kazini, mkataba ukishaandikwa na kusainiwa unawabana na kuwanufaisha hata wasio wanachama, na hata aliyeajiriwa jana. Unamhusu mshkaji, apende asipende.

Sasa nije kwenye kosa letu wenyewe, la kuamini asilimia kubwa ndo ushindi. Mwaka wetu wa kwanza kwenye kamati tulibishana wiki tatu tukapata asilimia 8, tukarudi kwenye mkutano vifua mbele. Mama mmoja wa kupanga maua akanyoosha mkono akauliza, asilimia nane ya nini? Tukakaa kimya. Yeye mshahara wake 210,000, asilimia nane ni 16,800. Supavaiza wake anapokea 600,000, yeye kapata 48,000. Akasema basi mmeenda kumuombea supavaiza. Na alikuwa sahihi jamani, pale Kilombero sokoni muuza unga hakuulizi mshahara wako ni shilingi ngapi ndo akupangie bei. Awamu iliyofuata tukaomba kiwango sawa kwa wote, tukaanza na 30,000 tukaishia 20,000 kila mtu, masupavaiza wakanuna mwezi mzima. (Na hapa niseme, supavaiza kuwa mwanachama ni ruksa. Anayekatazwa kukaa chama kimoja na nyie ni menejimenti ya juu, wale wanaotunga sera za kampuni na wenye mamlaka ya kusaini mikataba kama hii. Kusimamia meza sita za kufungia maua hakukufanyi menejimenti ya juu hata kama umepewa koti jeupe.)

Alafu kuna mtego wa posho. Bosi anasema mshahara siwezi, ila nawapa posho ya nyumba, nauli na chakula, watu wanapiga makofi. Posho sio mbaya, tatizo ni kwamba mambo mengi yanapigwa kwa mshahara wa msingi. Ovataimu ni mara moja na nusu ya msingi. Kiinua mgongo kwa sheria ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliomaliza, na inahesabiwa mwisho miaka kumi. Chukua mtu wa 300,000, siku yake moja kwa wiki ya siku sita ni kama 11,538, akipunguzwa kazi baada ya miaka kumi anapata siku 70, laki nane na kitu. Aliyekaa miaka 18? Laki nane hiyo hiyo. Ile miaka minane ya mwisho sheria haiihesabu kabisa. Hapo ndo mkataba wa hali bora unatakiwa kufanya kazi, hakuna kinachozuia mkakubaliana siku 14 kwa mwaka au mkaondoa hiyo mwisho miaka kumi, sheria imeweka cha chini tu. Zamu ya usiku hivyo hivyo, sheria inasema nyongeza isipungue asilimia 5, mnaweza kuomba 15. Sisi hilo la kiinua mgongo tulilisahau kabisa awamu zote mbili kwasababu hakuna anayewaza kuachishwa siku anayoomba nyongeza, na mpaka leo najilaumu.

Mgomo sitaongea sana. Watu wanadhani nyongeza ya kwenye mkataba ikichelewa mnaweka vifaa chini kesho yake asubuhi. Hapana. Jambo likishakuwa ndani ya mkataba unaoendelea haligomewi, mwajiri akilivunja mnaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ikishindikana Mahakama ya Kazi. Mgomo halali ni kwa lile ambalo bado mnavutana kulipata, na lazima lipite usuluhishi siku 30, kura, alafu notisi ya saa 48. Kuna wenzetu shamba la jirani waligoma kwa hasira tu ya asubuhi moja, waliokuja kuitwa ofisini mmoja mmoja ni wale waliokuwa mbele.

Na wanaosema mwajiri akikataa kukitambua chama basi imeisha, haijaisha. Chama chenye wengi kikishampa notisi ana siku 30 za kukutana nacho, asipotokea au msipoelewana njia ni ile ile, CMA kwanza alafu mahakama.

La mwisho ni hili la kwamba mkataba ni siri ya viongozi. Hata mimi nilivyoingia kamati niliukuta kwenye droo ya mwenyekiti umefungwa na ufunguo kama hati ya shamba. Nakala yake inatakiwa ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi, siri gani hiyo ambayo serikali inayo nakala? Tulitoa kopi arobaini steshenari moja pale Usa tukazigawa kantini, ndo nikajua kuna watu wana miaka tisa hawajui wana siku nne za msiba zenye malipo.

Yule dada alishukia Philips. Kabla hajashuka akanionesha slipu, pale kwenye makato wameandika CHM tu, mbele yake 4,600. CHM ya nini, hata mimi sikujua kama ni uanachama au uwakala. Akasema kesho anaingia ofisini kabla shifti haijaanza, anaenda kuomba aone hiyo sahihi yake.