Aisingi ya Biskuti za Pasaka Hukauka, Haigandi

Jumatatu ya Pasaka, mama wa mmoja wa watoto waliokuja kwangu kupamba biskuti alinitumia picha ya biskuti ya umbo la yai ambayo mwanawe aliichora kwa aisingi, yaani uji mzito wa sukari wa kupambia, kwa muda wa saa mbili. Mistari myekundu ilikuwa imechuruzika juu ya weupe, na biskuti yenyewe ilikuwa imelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. "Mwalimu, tuliiweka kwenye friji usiku kucha ili igande, kama kawaida," aliandika. Hilo "kama kawaida" ndilo lililonikalisha niandike, kwa kuwa nimelisikia kila likizo ya Aprili tangu nilipoanza kuwakaribisha watoto jikoni kwangu hapa Mombasa, na kila mara anayelia ni mtoto ambaye hakukosea lolote.

Nadhani kosa huanzia kwenye neno lenyewe. Tunasema samli imeganda, chokoleti imeganda, maji yameganda, na tukiona aisingi imekuwa ngumu tunasema nayo imeganda, kisha tunaitafutia baridi. Lakini aisingi ya ute wa yai haina mafuta yanayoweza kushikana kwa baridi. Ni sukari, protini na maji, na ugumu wake huja pale maji yanapoondoka na kuiacha sukari imefungamana na ute. Kwa hiyo hukauka kama kanga iliyofuliwa, na kanga huanikwa penye upepo. Krimu ya siagi ya kupambia keki ni jambo jingine kabisa: hiyo hushika kwa baridi, na naamini wazazi wengi waliona keki ikiwekwa kwenye friji ikatoka imara, wakaihamishia biskuti kanuni isiyo yake.

Tazama kinachotokea. Friji ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 4 hivi. Nje, katika Aprili ya Mombasa, joto ni nyuzi 28 na unyevu wa hewa ukifika asilimia 80, kitu chochote kilicho baridi kuliko nyuzi 24 hutoka jasho, kwa namna ileile chupa ya soda inavyolowa mezani. Biskuti inayotolewa kwenye friji hufunikwa na umande huo kabla hujamaliza kufunga mlango. Umande huyeyusha ngozi nyembamba ya sukari, rangi iliyokuwa imetulia hupata njia ya kutembea, na kwa kuwa nyekundu na nyeusi huchanganywa kwa rangi nyingi kuliko waridi au manjano hafifu, hizo ndizo hutembea kwanza. Maji mengine huteremka kwenye biskuti na kuilegeza. Mtoto akiligusa yai lake wakati huo, alama ya kidole hubaki pale pale.

Ninalazimika kukiri jambo ambalo linawapa haki kiasi wale wanaonipinga. Friji za kisasa zisizotengeneza barafu zina hewa kavu ndani, na aisingi iliyoachwa wazi humo inaweza kweli kupoteza maji. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba yake ilishika vizuri simwiti mwongo, hasa kama aliitoa na kuiweka katika chumba chenye kiyoyozi, ambako hewa haina unyevu wa kuiangukia. Ikiwa tayari umeziingiza kwenye friji, zifunge ndani ya bati lenye kifuniko kabla ya kuzitoa, uache bati lilowe nje badala ya biskuti, na usilifungue mpaka lifikie joto la chumba. Hata hivyo hiyo ni njia ya kujiokoa tu. Sioni sababu ya kumpitisha mtoto kwenye hatari hiyo wakati feni iko sebuleni.

Naam, feni. Biskuti zikiwekwa kwenye trei mara tu baada ya kumwagiwa aisingi na kupulizwa na feni ya mezani kwa nusu saa, hujenga ngozi kavu juu, na ngozi iliyokauka upesi hung'aa kuliko iliyokauka polepole. Baada ya hapo zinahitaji usiku mzima bila kufunikwa, kwa sababu ngozi ikishakauka, chini yake bado mna uji. Watoto hufikiri kazi imekwisha wanapoona mng'ao, na wazazi huzipanga kwenye bati wakati huo huo. Wala bati si mahali pa kukaushia.

Feni nayo ina mpaka wake, na hili sijaliona likisemwa wazi katika vitabu vya mapishi nilivyosoma, ambavyo vingi viliandikwa katika nchi zenye hewa kavu. Sukari huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapopita asilimia 85 hivi. Pasaka huangukia majira ambayo kaskazi imekwisha, kusi haijatulia na masika yanaingia, na usiku wa mvua kubwa hewa yetu huvuka kiwango hicho bila shida. Usiku kama huo feni hupuliza unyevu juu ya unyevu. Nimeamka mara kadhaa nikakuta trei nzima inanata, na hakuna nilichokuwa nimekosea ila kuchagua siku. Sasa, mvua ikinyesha, ninazipeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi, au ninawasha oveni kwa moto wa chini kabisa, ninaizima, ninaacha mlango wazi kidogo, na kuziweka humo zimalizie kwa ule uvuguvugu. Oveni ikizidi joto, weupe hugeuka rangi ya maziwa ya chai, nami bado sijapata dakika kamili ninazoweza kumwambia mtu mwingine azifuate.

Kuhusu kuchanganya nitasema kwa ufupi. Kwa watoto situmii ute mbichi, kwa sababu ya salmonela, na kwa sababu hakuna mtoto asiyeramba vidole. Natumia unga wa meringi, unaotokana na ute wa yai uliokaushwa: vijiko vitatu vya mezani kwa gramu 450 za sukari ya aisingi, na maji vijiko vitano au sita. Kipimo cha maji hakiaminiki siku ya mvua, kwa hiyo nakata mstari kwa kisu juu ya aisingi na kuhesabu: ukijifunga baada ya hesabu ya 10 hadi 15, hiyo ni ya kumwagia, ya kuchorea ukingo iwe nzito zaidi, isimame bila kutiririka. Watoto huomba iongezwe maji kwa sababu mfuko wa kukamulia ni mgumu kwa mikono yao. Nakataa kwa upole, kisha nawajazia mifuko midogo na kuifunga kwa mpira, kwani kila tone la maji unaloongeza ni tone litakalopaswa kuondoka usiku huo. Maji yakizidi, sehemu ndogo kama jicho la kifaranga hudidimia na kuacha shimo. Mashimo hayo hunitokea hata mimi, na feni ya mapema huyapunguza bila kuyamaliza.

Yule mvulana alirudi Jumatano. Safari hii alimwaga weupe, akaliweka yai lake mbele ya feni, akaenda kuwachorea wadogo zake ukingo wa misalaba, na hakugusa nyekundu mpaka nilipompa ruhusa baada ya saa nzima. Mvua ilinyesha jioni. Nililipitisha yai kwenye oveni iliyozimwa, kisha likalala mezani kwangu bila kufunikwa. Asubuhi ya Alhamisi aliligonga kwa ukucha likalia kama kauri, mistari yake yote ikiwa mahali alipoiweka, ndipo tukalifungia kwenye bati la kwenda nalo nyumbani.