Usiwaulize Wachezaji "Mji Huu Una Nini?"

Nilipoanza kuendesha michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambapo kila mchezaji huwa mhusika mmoja wa hadithi na mwendesha mchezo husimulia ulimwengu wanamopita, nilikuwa nafika na daftari limejaa: wafalme wa vizazi saba, vita, miungu, mpaka ushuru wa chumvi. Wachezaji hawakuuliza hata kimoja. Nikaona bora tuujenge ulimwengu pamoja, nikawatupia swali: "Haya, mji huu una nini?" Kimya. Mmoja akajikaza: "Soko?"

Swali ndilo lilikuwa bovu. Ukimwachia mchezaji uwanja mzima, unamvua uhusika na kumgeuza mtunzi aliyeshtukizwa. Siku hizi namuuliza mhusika jambo ambalo yeye ndiye wa kulijua: "Uliwahi kulinda lango hili. Ni nani mliyekatazwa kumfungulia, hata akija na watoto?" Lango nimeshampa, katazo nimeshampa, na watoto pia. Kilichobaki ni kipengo kidogo tu. Aliyeulizwa hivyo alijibu, "Mama yangu," na kampeni, yaani hadithi tuliyoicheza kikao baada ya kikao kwa miezi minne, ikageukia hapo. Daftari langu lisingeyafikia hayo kamwe.

Mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons ulipotoka mwaka 1974, kuchora mahandaki ambamo hadithi ingepita ilikuwa kazi ya mwamuzi, yaani mwendesha mchezo, kabla wachezaji hawajaketi. Mchezo mwingine, Apocalypse World ya 2010, uliuweka kwenye kanuni zake wajibu wa mwendesha mchezo kuuliza maswali ya kuchokoza na kujenga juu ya majibu. The Quiet Year haina hata mwendesha mchezo: karata 52, kila moja ni juma moja, na ramani moja wanayoichora wote. (Nawashauri waendeshaji waicheze hata mara moja, wajifunze kunyamaza.)

Kuna kitu siulizi: jibu la fumbo. Nikikuuliza nani kamuua diwani, nimekunyang'anya raha ya kumsaka. Nakuuliza diwani alikukosea nini. Na jibu likishatoka nalitumia siku hiyohiyo, kwa sababu mchezaji akiona alichobuni kimefungiwa daftarini, safari ijayo atajibu ilimradi.

Yule wa "Soko?" bado yuko mezani kwangu. Majuzi nilimuuliza nani anamdai huko sokoni. Aliomba dakika mbili, akavuta karatasi, akachora vichochoro vyote anavyopita kumkwepa muuza kamba.