Muziki wa Baroki wa tarumbeta na kinanda: maana yake na ulikotoka

Baroki ni zama za muziki wa Ulaya kuanzia takriban mwaka 1600 hadi 1750, zama zilizofungwa na watunzi Bach na Handel. Ndani ya zama hizo kuna fungu la kazi zilizotungwa kwa wapigaji wawili tu: mmoja wa tarumbeta, mwingine wa kinanda kikubwa cha kanisani, kile cha mabomba. Fungu lenyewe ni dogo kuliko wingi wa rekodi unavyotufanya tudhani, na chanzo chake ni tarumbeta yenyewe.

Tarumbeta ya wakati ule haikuwa na vitufe. Matarumbeta ya sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambayo wengi tumeyasikia asubuhi ya Pasaka, yana vitufe vitatu, na kwa vitufe hivyo mpigaji anapata noti zote. Ile ya Baroki ilikuwa bomba tupu la shaba lililokunjwa, lenye urefu wa mita 2 na ushei. Mpigaji alikuwa na midomo na pumzi, basi. Bomba la namna hiyo halitoi noti yoyote uitakayo; hutoa zile tu zinazotokana na urefu wake.

Aliyeimba kwaya kwa solfa ataelewa mara moja. Huku chini unapata do, so, do, mi, so. Re haipo, fa haipo, la haipo. Ndiyo maana milio ya tarumbeta za vita inarukaruka vile. Ukipanda hadi noti ya nane na kuendelea, noti zinaanza kusogeleana: do, re, mi, fa, so, la. Ni huko juu tu ambako tarumbeta iliweza kuimba wimbo kamili, na eneo hilo likaitwa clarino. Hata huko kulikuwa na shida. Fa inatoka juu mno, karibu katikati ya fa na fe (fa iliyopandishwa nusu hatua), na la inatoka chini kidogo. Mpigaji hodari alizisahihisha kwa midomo, papo hapo, noti zikipita kwa kasi. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ustadi mkubwa kabisa katika historia ya muziki wa Ulaya.

Sasa kinanda kiliingia kufanya nini? Tarumbeta ilifungwa kwenye ufunguo mmoja, mara nyingi D au C, na haikuweza kuhama. Kinanda kiliweza kwenda kokote. Mtunzi aliandika besi peke yake, akaongeza tarakimu juu au chini ya noti, na mpiga kinanda akajaza sauti nyingine kutoka kichwani mwake. Waitalia waliita mtindo huu basso continuo. Kinanda kilifaa kuliko ala nyingine za kibao kwa sababu nacho hupumua: upepo wa mivukuto unaishikilia sauti kwa muda wote kidole kinapokuwa kwenye kibao, hivyo besi haififii chini ya noti ndefu ya tarumbeta. Sikiliza pia sehemu za polepole za katikati katika sonata (kazi za ala moja au chache, zenye sehemu kadhaa) na konseto (kazi za ala inayoongoza mbele ya okestra) za wakati huo. Mara nyingi tarumbeta inanyamaza kabisa, kwa kuwa muziki umehamia ufunguo isioufikia, na midomo ya mpigaji inapata kupumzika. Kurudi kwake katika sehemu ya mwisho kunasisimua kwa sababu ya ukimya huo.

Mwanzo wa jozi hii unatajwa Roma mwaka 1634, pale Girolamo Fantini alipopiga tarumbeta pamoja na Girolamo Frescobaldi, mpiga kinanda mashuhuri kuliko wote Italia. Mwaka 1638 Fantini alichapa kitabu cha mafunzo chenye sonata 8 zilizoandikwa wazi kwa tarumbeta na kinanda. Giovanni Bonaventura Viviani akafuata na sonata zake mbili mwaka 1678. Bologna, katika basilika ya San Petronio yenye vinanda viwili vya mabomba, Giuseppe Torelli alitunga kwa wingi kwa tarumbeta, ila huko kulikuwa na zeze za Kizungu pia. Ujerumani, Johann Ludwig Krebs, mwanafunzi wa Bach, aliandika kazi ambazo kinanda kinafuma sauti zake huku ala ya kupuliza ikipiga wimbo wa tenzi juu yake.

Kazi zilizoandikwa hivyo tangu mwanzo haziendi mbali zaidi ya hapo. Nyingi kati ya zile zinazouzwa leo kwa jina hili ni mabadilisho: konseto za mtunzi wa Italia Albinoni za oboe (ala ya kupuliza ya mbao), kwa mfano, zikipigwa na tarumbeta, huku kinanda kikichukua nafasi ya okestra. Tena kuna mkanganyiko wa Uingereza. Kule, “trumpet voluntary” ni kipande cha kinanda peke yake, kinachotumia safu ya mabomba yenye sauti kama ya tarumbeta; John Stanley, mpiga kinanda kipofu wa London, alitunga vya kupendeza sana. Machi ya Jeremiah Clarke ya karibu mwaka 1700, iliyosikika katika arusi ya Charles na Diana mwaka 1981, iliwahi kujulikana kwa jina hilohilo, na kwa muda mrefu watu walidhani ni ya Purcell, mtunzi mwingine Mwingereza.

Baada ya 1750 ustadi wa clarino ulikufa pamoja na mahitaji yake. Aliyeurudisha mbele ya umma ni mpiga tarumbeta Maurice André (1933–2012), aliyewahi kufanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe kusini mwa Ufaransa. Alitumia tarumbeta ndogo ya vitufe, nusu ya urefu wa ile ya kawaida, na rekodi zake na mpiga kinanda Marie-Claire Alain zilieneza jozi hii duniani. Wengine walirudia bomba refu, wakilitoboa matundu madogo ya kurekebisha zile fa na la, jambo ambalo wapigaji wa karne ya 17 hawakulijua. Kwa masikio yangu, bomba refu linakaa vizuri zaidi na kinanda: sauti yake ni laini, haikifuniki, na unazisikia sauti zote mbili. Anza na sonata ya kwanza ya Viviani.