Ukoo hauna saini: kikao cha familia kinapoishia na mahakama inapoanzia

Karatasi ilichanwa kwenye daftari la mistari. Juu imeandikwa MUHTASARI WA KIKAO CHA UKOO, chini yake majina kumi na matatu na saini kumi na mbili, tisa kati ya hizo zikiwa na mkia uleule unaopinda kulia. Mbele ya jina la mjane hakukuwa na saini, palikuwa na alama ya dole gumba. Mjane mwenyewe alikuwa ameketi mbele ya meza yangu. Ni mwalimu wa darasa la tatu.

Nilipomuuliza, alisema hata siku ya kikao haikumbuki. Shemeji yake alimwambia tu: "Ukoo umeshakaa."

Maneno hayo tumeyasikia mno kwenye mambo ya mirathi tangu kampeni ya msaada wa kisheria ianze, na ndiyo sababu ya makala haya. Nianze kwa kusema kwamba kikao cha familia ni kitu kizuri. Nani mwingine anajua kwamba shamba la bondeni liliazimwa, au kwamba kuna mtoto aliyelelewa kwa bibi yake mkoa mwingine? Mahakimu nao hupenda kuuona muhtasari, kwa kuwa mapema tu unaonyesha nani ameridhika na nani hajaridhika. Lakini muhtasari ni utaratibu wa busara, si sharti la sheria. Kikao kinapendekeza jina la msimamizi wa mirathi, yaani mtu wa kukusanya na kugawa mali ya marehemu; mahakama ndiyo inayoteua. Tumelirudia hili viwanjani hadi sauti zimekauka, na bado mtu anasimama kuuliza kama mhuri wa mtendaji wa kijiji hautoshi. Hautoshi.

Utaratibu wa Tanzania ni huu. Kama marehemu aliishi kwa mila au kwa sheria za Kiislamu, ombi linapelekwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa na makazi ya kudumu, kwa Fomu namba 1 pamoja na cheti cha kifo. Kama aliishi maisha ya Kikristo, Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka hata kama iko jirani na nyumba yake; shauri linaanzia mahakama ya juu yake, kulingana na thamani ya mali. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anayo miezi 4 ya kuwasilisha Fomu namba 5, inayoorodhesha mali zote na madeni yote, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Baada ya hapo hutoa hesabu kwa Fomu namba 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Asipofanya hivyo, uteuzi wake unaweza kutenguliwa. Kughushi saini ni kosa la jinai ambalo, chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Anayeghushi wosia anaweza kufungwa maisha. Watu husema "tulimsainia tu kwa kuwa hakuwepo" kana kwamba wamemsaidia kubeba mzigo.

Na msimamizi si mrithi mkuu. Ni mtu mmoja, kwa jina lake, anayejibu mbele ya hakimu. Mali ikiliwa, haitaitwa familia nzima kueleza zilikokwenda ng'ombe, ataitwa yeye. Wajomba waliompigia makofi kikaoni hawatakuwepo.

Wengine watasema tunaleta ubinafsi wa kizungu kwenye mambo ya mila. Hoja hiyo ilijibiwa zamani, na haikujibiwa Ulaya, ilijibiwa Mwanza. Mama mmoja wa Muleba, mkoani Kagera, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa upande wa baba akafungua shauri, akitegemea kanuni za sheria za mila za mwaka 1963, zinazosema mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi, Mahakama ya Wilaya ikapindua, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza wakati mwanamume wa ukoo huohuo anaweza ni ubaguzi unaokwenda kinyume na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba.

Sehemu ambayo wengi hawaisimulii ni ya mwisho. Jaji hakuufukuza ukoo. Aliupa miezi 6 ya kulikomboa shamba kwa kurudisha zile 300,000. Wakishindwa, linabaki kwa mnunuzi. Yaani mama alikuwa na haki ya kuuza, na ukoo ulikuwa na haki ya kukomboa kama ambavyo ungekomboa kwa mwanamume. Vijana wanaokuja mezani wakitaja ibara ya 24, ya haki ya kumiliki mali, kisha wanataka kuuza nyumba ambamo mama yao bado anaishi, wasome pia ibara ya 30, inayokataza kutumia haki yako kwa kuvunja ya mwenzako.

Hukumu ile haikuzifuta kanuni za 1963. Kuzibadili ni suala la mamlaka husika, na sitalijadili hapa.

Turudi kwa mwalimu. Alihofia kwamba akipinga, ataonekana ameutenga ukoo na watoto wake watakosa wa kuwasimamia. Sina fomu ya hofu hiyo. Nilimweleza kwamba pingamizi lake ni dhidi ya karatasi, si dhidi ya shemeji, na kwamba anaweza kuomba kikao kiitishwe upya naye akiwepo. Aliondoka bila kusaini chochote. Wiki iliyofuata alirudi na shemeji.

Huduma yetu ni bure. Njoo na cheti cha kifo, na muhtasari kama upo. Kila aliyetajwa ndani yake awe alisaini mwenyewe. Asiyekuwepo, aandikwe kuwa hakuwepo.